Neno la Kiingereza, maana ya Kichina: kadi ipi imfae mwanafunzi yupi

Anayemfundisha Mchina Kiingereza hukutana na swali hili wiki ya kwanza tu: mwanafunzi aruhusiwe kuandika maana ya Kichina pembeni ya neno, au akatazwe? Linawahusu wanafunzi wetu walioko Guangzhou na Wuhan wanaofundisha jioni, na linawahusu walimu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaowafundisha wahasibu na mafundi wa kampuni za Kichina. Vitabu vinavyouzwa China vimeshajibu: neno, matamshi, aina ya neno, kisha Kichina. Walimu wengi wa kigeni hujibu kinyume: Kiingereza kitupu, Kichina kibaki nje ya mlango.

Majibu yote mawili yanakosea mahali pamoja. Tafsiri ya Kichina haina ubaya wowote. Ubaya ni kulibandika neno moja la Kichina juu ya neno moja la Kiingereza kana kwamba mipaka yao inalingana. Kinachofaa kulinganishwa, basi, ni mahali tafsiri inapowekwa: juu ya neno, juu ya fungu la maneno, chini ya maelezo ya Kiingereza, au pasiwe na tafsiri bali picha. Na ikishawekwa, ikae hapo mpaka lini.

Kabla ya kuchagua kadi, chagua upande

Kadi ya lugha mbili, yaani kadi ndogo ya kukariria maneno, ina pande mbili, na upande unaotazamwa kwanza ndio unaoamua mtu atajifunza nini. Ukiona Kiingereza ukatoa Kichina, unajifunza kutambua. Ukiona Kichina ukatoa Kiingereza, unajifunza kutumia. Programu nyingi za simu huanzia upande wa kutambua kwa sababu ndio mwepesi: mwanafunzi anabonyeza "najua" mara mia moja kwa dakika kumi na anaona amepiga hatua. Siku ya kumwandikia mteja barua pepe, maneno yale yale hayaji.

Tazama mitihani yenyewe. Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, unahitaji maneno yapatayo 3,000. CET-4, mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu vya China ulioanza mwaka 1987, unahitaji yapata 4,500. Kusikiliza kunabeba asilimia 35 na kusoma asilimia 35, lakini insha ina 15, na tangu Desemba 2013 kuna kifungu cha Kichina cha herufi 140 hadi 160 cha kutafsiri kwenda Kiingereza, nacho kina 15. Karibu theluthi moja ya alama inadai mtu atoke kwenye Kichina aingie kwenye Kiingereza. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi ya upande mmoja tu atasoma vizuri na kuandika vibaya, na ataona ajabu kwa nini.

IELTS na TOEFL, mitihani ya kimataifa ya Kiingereza, hazina Kichina hata chembe, ila uandishi na mazungumzo vyote vinadai neno litoke kichwani, kwa hiyo shauri halibadiliki: neno la kusoma tu lipewe kadi ya Kiingereza kwenda Kichina, neno la kusema na kuandika lipewe kadi ya Kichina kwenda Kiingereza. Muda ukiwa mdogo na kadi ikawa moja, chukua ya pili. Anayeweza kulitoa neno kwa kawaida huweza pia kulitambua. Anayelitambua mara nyingi hawezi kulitoa.

Orodha ya kitabuni: neno moja, tafsiri moja

Hii ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya vitabu. Nguvu yake ni kasi. Kwa maneno 1,000 ya kwanza, hasa ya vitu, siku, namba na mahali, hakuna njia inayoishinda. *Cement* ni 水泥 shuǐní, *hospital* ni 医院 yīyuàn, *July* ni 七月 qīyuè. Kumzungushia mtu maelezo ya Kiingereza ili agundue kwamba unazungumzia saruji ni kumpotezea muda.

Inaanza kuvuja pale maneno ya Kiingereza yanapokuwa mawili na Kichina kikawa kimoja. 借 jiè ni *borrow*, na ni *lend* pia. Hapo ndipo inapozaliwa sentensi *Can you borrow me your pen?* Mwalimu mwenye Kiswahili anaielewa sentensi hiyo kuliko Mwingereza, kwa maana sisi nasi husema "nimeazima kalamu" na "niazime kalamu" kwa kitenzi kile kile. 开 kāi ni kufungua mlango, kuwasha taa, kuendesha gari na kuanzisha mkutano, kwa hiyo mwanafunzi husema *open the light*, kama vile watu wetu wanavyosema "fungua redio". 影响 yǐngxiǎng inabeba *affect*, *effect*, *influence* na *impact* kwa pamoja, nomino na kitenzi.

Mwaka 2002 mtafiti Nan Jiang alionyesha kwamba Wachina wenye Kiingereza kizuri huyaona maneno mawili ya Kiingereza kuwa yanakaribiana zaidi yakiwa na tafsiri moja ya Kichina kuliko yakiwa na tafsiri mbili. Wenye Kiingereza cha kuzaliwa hawakuonyesha tofauti hiyo. Maana yake, tafsiri ya kwanza haifutiki kwa kusoma sana. Inakaa chini ya neno. Ndiyo sababu ya kuiweka kwa uangalifu siku ya kwanza badala ya kutegemea kuirekebisha baadaye.

Aina ya neno ni jeraha jingine. 成功 chénggōng ni *success*, *succeed*, *successful*, na ukiongeza kidogo ni *successfully*. Orodha huandika 成功 kwenye mistari minne mfululizo, tofauti ikiwa herufi moja ndogo: 的 de mwishoni kwa kivumishi, 地 de kwa kielezi. Jicho linaruka herufi hiyo. Matokeo yake ni *I will success*, kosa linalojirudia kwenye insha hadi mwaka wa tatu wa chuo. Kwetu maneno haya yameshajitenga yenyewe: kufanikiwa, mafanikio, wenye mafanikio, kwa mafanikio. Mwanafunzi wako hana utengano huo, kwa hiyo usimwachie kifupi cha *n.* au *v.* kimfanyie kazi. Mpe sentensi fupi kwa kila umbo.

Halafu kuna mpangilio wa alfabeti. Orodha nyingi huanza na *abandon*, kuacha, na Wachina wenyewe husema wengi huachia hapo hapo. Tatizo lake kubwa ni kwamba alfabeti inayaweka jirani maneno yanayofanana sura: *adapt*, *adept*, *adopt*. Yakisomwa siku moja yanachanganyikana, na mchanganyiko huo ni mgumu kuutoa. Hali ni hiyo hiyo kwa maneno ya kundi moja la maana, kama rangi zote au wanyama wote kwa mkupuo. Zaidi ya hayo, mtu hukariri mahali pa neno kwenye ukurasa badala ya neno: akiliona chini ya jirani yake analijua, akiliona gazetini limempotea. Ukilazimika kutumia kitabu, tafuta kilichoandikwa 乱序 luànxù, yaani kisichofuata alfabeti. Vinapatikana kwa urahisi na bei haitofautiani.

Kadi ya fungu la maneno: hapa ndipo penye faida

Chukua *raise*. Kwenye orodha utakuta tafsiri tano zimefuatana kwa mkato, na mwanafunzi hukariri ya kwanza, mbili zikizidi. Sasa ziweke hivi:

| Kiingereza | Kichina | Kiswahili |
|---|---|---|
| raise your hand | 举手 jǔ shǒu | nyoosha mkono |
| raise the price | 提高价格 tígāo jiàgé | pandisha bei |
| raise money | 筹款 chóukuǎn | changisha fedha |
| raise chickens | 养鸡 yǎng jī | fuga kuku |
| raise children | 抚养孩子 fǔyǎng háizi | lea watoto |

Kila kimoja kina kitenzi chake kwa Kichina, na kila kimoja kina kitenzi chake kwa Kiswahili. Kiingereza ndicho kilichovikusanya. Mwanafunzi akipewa kadi tano ndogo, hakuna hata moja inayomdanganya, kwa sababu Kichina kinatafsiri fungu zima na fungu zima lina maana moja tu.

Njia hii ndiyo pia inayoponya makosa ya maneno yanayoandamana. Mchina husema 大雨 dà yǔ, neno kwa neno "mvua kubwa" kama tusemavyo sisi, naye huandika *big rain*. Kiingereza kinataka *heavy rain*. Husema 吃药 chī yào, kula dawa, na kuandika *eat medicine*. Sisi hunywa dawa hata ikiwa kidonge, Mwingereza husema *take*. Husema bei ni 贵 guì, na kuandika *the price is expensive*; Kiingereza kinataka bei iwe *high* na bidhaa ndiyo iwe *expensive*. 红茶 hóngchá, "chai nyekundu", ni *black tea*. Hakuna orodha ya neno kwa neno inayoweza kuonya juu ya haya, kwa sababu *rain* kweli ni 雨, na *big* kweli ni 大. Kosa liko kwenye kiungo, na kiungo hakionekani mpaka maneno yakae pamoja.

Mfano mmoja kwa wanaofundisha wahasibu. 发票 fāpiào ni stakabadhi rasmi ya kodi ya China. Kamusi huitafsiri *invoice*. Mhasibu akishalipa kwa muuzaji wa Kariakoo anaomba *invoice*, analetewa ankara nyingine, anashangaa. Alichokuwa anakitaka kiko karibu zaidi na risiti ya EFD, mashine ya kodi ya Tanzania. Kadi yake isiandikwe *invoice* = 发票. Iwe na mafungu mawili: ankara inayotangulia malipo, na risiti ya kodi inayofuata malipo, kila moja na Kichina chake cha sentensi nzima.

Jinsi ya kuitengeneza. Mbele andika Kichina cha fungu, kisichozidi herufi 12, na chini yake Kiingereza chenye pengo moja na herufi ya kwanza ya neno:

为学校筹款
r_____ money for the school

Nyuma andika fungu kamili na uweke sauti. Herufi ya kwanza ina kazi: bila hiyo mtu atajibu *collect* na atakuwa hajakosea, nawe utamhesabia kosa. Pengo liwe moja. Mapengo mawili kwenye kadi moja huifanya kadi iwe fumbo, na mtu akikosa hujui alichokosa ni kipi. Jibu litamkwe kwa sauti kabla ya kugeuza; likikosewa liandikwe mara moja kwa mkono, si mara kumi. Kuandika neno mara kumi mfululizo, kama shule nyingi zinavyoagiza, hugeuka kazi ya kidole kuanzia mara ya tatu.

Kasoro ya njia hii ni gharama ya kuiandaa. Kadi ya neno huchukua sekunde kumi kuandika. Kadi ya fungu huchukua dakika moja hadi mbili, na Kichina chake lazima kiwe sahihi. Programu ya kutafsiri itakupa Kichina cha sentensi kinachosomeka, lakini mara nyingine itatafsiri neno unalolifundisha kwa namna isiyo ya kawaida. Mwombe mwanafunzi akisome kwanza na aseme kama ndivyo angesema yeye. Akisita, kibadilishe.

Kiingereza kwa Kiingereza, na kamusi za pande mbili

Hoja ya Kiingereza kitupu ina ukweli wake, ila inaletwa mapema mno. Kamusi za wanafunzi huandika maelezo yake kwa maneno machache yaliyochaguliwa. Ya Longman hutumia takriban 2,000. Asiyekuwa na maneno hayo 2,000 anatafuta neno moja na kutoka na matatu asiyoyajua. Na hata mwenye nayo, kwa vitu halisi maelezo hayafiki. *Sparrow* ni ndege mdogo wa rangi ya kahawia na kijivu: nusu ya ndege wa dunia wanaingia humo. 麻雀 máquè, shomoro, inamaliza mjadala.

Inapofaa ni kwa maneno ya hali, nia na kadiri. *Reluctant* huandikwa 不情愿的 bù qíngyuàn de, asiyetaka. Maelezo ya Kiingereza yataongeza kwamba mtu huyo anasitasita na pengine atafanya tu mwishowe, jambo ambalo Kichina cha mkato hakikulibeba. Vivyo hivyo *historic* na *historical*, *economic* na *economical*: kila jozi huweza kupewa tafsiri moja ya Kichina, na ni sentensi ya Kiingereza inayozitenga vizuri.

Kati ya njia hizi mbili ziko kamusi ambazo China huziita 双解 shuāngjiě: maelezo ya Kiingereza na chini yake Kichina. Kwa mwenye maneno 2,000 hadi 5,000 hakuna kamusi bora kuliko hiyo, kwa sharti moja. Jicho la Mchina huenda moja kwa moja kwenye Kichina kama jicho letu linavyoenda kwenye Kiswahili kwenye kibao chenye lugha mbili. Kwenye karatasi, Kichina kifunikwe kwa kipande cha kadibodi mpaka mwanafunzi aseme anachodhani. Kwenye simu, chagua programu inayoficha Kichina hadi kiguswe. Isipofichwa, amenunua kamusi mbili na anatumia moja.

Kiingereza kitupu kiachiwe wenye maneno 3,000 kwenda juu, tena kwa maneno mapya tu. Kufuta Kichina kwenye kadi za zamani zilizokwisha kaa vizuri hakuongezi kitu.

Picha

Baicizhan, programu ya Kichina inayojulikana sana, hukuonyesha neno na picha nne uchague. Kwa nomino za vitu vinavyoonekana ni njia nzuri, na inaruka tatizo lote la tafsiri. Kwa *policy*, *tend* au *despite*, picha ni bahati nasibu: mwanafunzi anakariri kwamba yule mzee mwenye miwani ni *policy*, na neno likija bila mzee halina maana tena.

Mahali picha zinaposhinda kila kitu ni kwenye eneo la ujenzi. Fundi wa Kichina aliyekuja kusimamia barabara au jengo hahitaji maneno 4,500. Anahitaji 60 hadi 80, na anayahitaji wiki hii. Mpe simu yake apige picha za vitu vilivyoko mbele yake: nondo, ambayo kwake ni 钢筋 gāngjīn, jukwaa la kupandia, 脚手架 jiǎoshǒujià, kofia ngumu, 安全帽 ānquánmào. Nyuma ya picha weka Kiingereza, na ukiwa mwema weka na Kiswahili, kwani wasaidizi wake wengi watamwitikia kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza. Picha ya nondo za eneo lake mwenyewe hukaa kichwani kuliko picha safi ya intaneti.

Sauti za kufananisha

Njia hii huitwa 谐音 xiéyīn, nayo inapendwa sana. *Ambulance* hugeuzwa 俺不能死 ǎn bù néng sǐ, "mimi siwezi kufa". *Economy* huwa 依靠农民 yīkào nóngmín, "kuwategemea wakulima". Kumbukumbu inanasa papo hapo, na maana inashikamana na neno.

Bei yake hulipwa kwenye matamshi. *Ambulance* ina silabi tatu na mkazo kwenye ya kwanza. Kile Kichina kina silabi nne, kila moja na toni yake kamili, na zote zina uzito. Aliyelijifunza hivyo atalisema hivyo, na si rahisi kumnyoosha. Mwongozo wake ni huu: itumike kwa neno sugu pekee, lile lililokosewa mara nane (ndipo Anki, programu ya kadi za kukariria, inapoiwekea kadi alama ya usugu), sauti ya kweli ichezwe kabla ya fumbo kuonekana, na fumbo lifutwe kwenye kadi neno likishashika.

Kwa waliokwisha vuka maneno 3,000, mizizi ya maneno ni mbadala wa heshima zaidi. Mchina anaielewa upesi kwa sababu lugha yake imejengwa hivyo: 电 diàn, umeme, inazaa 电话 diànhuà, simu, 电视 diànshì, televisheni, 电脑 diànnǎo, kompyuta, yaani "ubongo wa umeme". Mwonyeshe *spect*, kutazama, ndani ya *inspect* na *spectator*, ataendelea mwenyewe.

Na kuhusu sauti, neno moja kwa mwalimu. Mchina huelekea kuongeza irabu nyuma ya konsonanti ya mwisho, na sisi tuna mazoea yale yale. Ndiyo maana tuna *benki* na *kabati*. Usiwe wewe sauti pekee ya kadi zake. Weka rekodi.

Hesabu za kila siku

Kutoka gaokao kwenda CET-4 kuna pengo la maneno kama 1,500. Kwa maneno 15 mapya kwa siku ni siku 100. Hapo watu hupata tamaa na kuweka 50, na ndipo mpango unapokufa, kwa kuwa marudio hujilimbikiza. Baada ya mwezi mmoja, marudio ya kila siku hufika mara saba hadi kumi ya maneno mapya. Kwa 15, hiyo ni kadi 105 hadi 150. Ukihesabu sekunde nane kwa kadi ni dakika 14 hadi 20. Kwa 50, ni kadi 350 hadi 500, zaidi ya saa nzima siku mbaya. Kadi za pengo ni za polepole kuliko za neno, kwa hiyo ukizitumia teremsha hadi 10.

Vitabu vya Kichina huchapisha ratiba ya marudio ya siku ya 1, 2, 4, 7 na 15 na kuiita ya Ebbinghaus. Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Namba hizo tano zimepangwa na waliokuja baadaye. Ni ratiba inayofaa kwa daftari la karatasi, ila haijui neno lipi limekushinda. Sanduku la kadi lenye vyumba vitano linajua: ukipata, kadi inasogea chumba cha mbele, ukikosa, inarudi cha kwanza. Anki hufanya kazi hiyo yenyewe. Kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone inalipiwa. Anayekwenda China na simu ya Android aisakinishe kabla ya safari, kwa kuwa duka la Google halifunguki kule kwa njia ya kawaida.

Tahadhari ya mwisho kwa wanaopakua kadi zilizotengenezwa na wengine: angalia zimetoka wapi. China bara na Singapore hutumia herufi zilizorahisishwa, Taiwan na Hong Kong herufi za zamani, na tofauti haikomi kwenye maandishi. *Taxi* ni 出租车 chūzūchē Beijing, 計程車 jìchéngchē Taipei, 的士 Hong Kong. 土豆 tǔdòu ni kiazi Beijing. Taiwan wengi huielewa kuwa karanga. Fungua kadi ishirini za kwanza pamoja na mwanafunzi. Mbili zikimkwaza, tafuta nyingine.

Kwa mwenye Kiswahili anayeigeuza kadi

Wengi wa wanaofundisha Kiingereza hivi wanajifunza Kichina wakati huo huo, na kadi zile zile zinaonekana kufaa kwa upande wa pili. Zinafaa nusu. Orodha za HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, zilizokuwa na maneno 5,000 kwa ngazi sita na, kwa viwango vya 2021, maneno 11,092 kwa ngazi tisa, hutujia karibu kila mara na Kiingereza pembeni. Kiingereza hicho mara nyingi ni ukuta kati ya lugha mbili zinazoelewana.

*Marry* kwenye kadi ni 结婚 jiéhūn, na Mchina huponyokwa na *marry with* kwa sababu yake. Lakini Kichina kina 娶 qǔ, kuoa, na 嫁 jià, kuolewa, na Mswahili hahitaji maelezo zaidi ya hayo mawili. *He* na *she* humsumbua Mchina kwa kuwa zote hutamkwa tā. Anayesema "amekuja" bila kutaja jinsia anaijua raha hiyo tangu utotoni. Na kadi inayosema 舅舅 jiùjiu ni *uncle*, 叔叔 shūshu ni *uncle*, 伯伯 bóbo ni *uncle*, ichukulie kalamu. Futa Kiingereza mara tatu. Andika mjomba, baba mdogo, baba mkubwa.